Siku ya Kunyolewa, Yeye Alipakia Miwa

Shule niliiacha darasa la sita, lakini kwa mdomo sijaona wa kunishinda huku Butali. Juzi nilishindwa, tena kwenye foleni ya zahanati.

Mbele yangu alikuwa jirani yetu, mkulima wa miwa, pamoja na mkewe.

"Kichwa inauma," akamwambia daktari.

"Si kichwa," mkewe akasema. "Halalangi tangu tuzike mtoto. Hata kulia hajalia."

Akamvua kofia. Nywele zilikuwa zimejaa. Kwetu, siku chache baada ya mazishi, wafiwa hunyolewa wakiwa wameketi na jamaa, wakimzungumzia marehemu mpaka machozi yaishe. Lakini asubuhi ya kunyolewa kwake lori la kiwanda cha sukari lilikuja, na miwa ikishakatwa haingojangi mtu. Akaenda shambani kupakia.

Nikapaza sauti: "Mzee, dawa yako ni kinyozi!" Foleni yote ikacheka.

Aligeuka polepole, akiikunja ile kofia. "Kijana, sasa ninyolewe na nani? Watu si walishaenda?"

Nikatazama ukuta. Daktari akampa tembe za kichwa, wakatoka.

Wakubwa, pesa ya miwa imetunenepesha, sawa. Lakini lori likimkuta jirani yako matangani, nenda wewe ukampakilie, yeye akae alie. Mnajua ninavyojisifu kwamba magunia mawili nabeba peke yangu. Siku ile ya lori nilikuwa papo hapo kwake, chini ya turubai, nikimega obusuma, ugali wa matanga.