Mama Matope na Kona ya Mto

Mwokaji alikuwa anavuta trei ya mikate kutoka tanurini simu yake ilipolia juu ya gunia la unga. Bosi wake ndiye aliyeipokea. Alisikiliza, akakunja uso, akamwekea sikioni.

"Shemeji," ilisema sauti ya katibu wa kikundi cha mto, mwanamke aliyezoea kucheka kabla ya kusema. Safari hii hakucheka. "Njoo mtoni, shemeji. Mama Matope ameporomoka na ukingo."

"Ameumia?"

"Njoo tu."

"Nakuuliza, ameumia?"

Katibu akaanza kulia, na mwokaji akajua kwamba hana mke tena.

Bosi hakuwa mtu wa kupoteza mkate. "Pole sana, ndugu yangu," alisema. "Toa trei zilizobaki, zisije zikaungua. Halafu nenda." Mwokaji alikuwa ameganda akili, akazitoa. Alizipanga mezani, akazifunika kwa kitambaa kama siku zote, ndipo akatoka mbio, unga umemjaa hadi viwikoni. Mwuza vocha wa kona akamwona, akapaza sauti: "Mzee, leo tanuri limekufukuza?" Watu wakacheka.

Jina la Mama Matope alipewa na watoto wa mtaani, kwa vile alirudi nyumbani kila jioni na udongo hadi magotini. Hakulikataa. "Afadhali mimi ninayo miguuni," aliwaambia mama zao, "kuna wenzangu wanayo mdomoni." Kazi yake hasa ilikuwa ushonaji. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, dirishani, na sare nyingi za shule za mtaa ule zilipita chini ya sindano yake.

Nyuma ya nyumba, ukishapita kamba ya kuanikia nguo, ulikuwepo mto, na hapo ndipo ulipopinda kona. Kila mvua kubwa iliponyesha maji yaliigonga kona ile na kumega ukingo. Yalikuwa yamekwisha kumeza banda la kuku la jirani, kisha jiko la jirani huyohuyo. Sasa yalikuwa yanausogelea ukuta wa chumba cha mama yake mwokaji, bibi aliyepooza, asiyeweza kutoka kitandani bila kubebwa. Mama Matope ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyemgeuza ubavu.

"Siku mama akiamka yumo majini, nitamwambia nini Mungu?" alisema. Akajiunga na kikundi cha kujitolea kuutunza mto.

Kazi yao ilikuwa ya subira. Walikwenda mbali, upande wa juu wa mto, kwenye kingo ambazo hazijaharibiwa, wakakata vipande vya matete vyenye mizizi, wakachimba vichipukizi vya mafunjo, wakaokota mbegu za miti ya asili. Mama Matope alivikuza nyumbani katika pakiti za maziwa ambazo mumewe alimletea kutoka kiwanda cha mikate. Alizitoboa chini kwa sindano kuukuu ya cherehani ili maji yatoke. Pakiti zilijaa barazani, dirishani, hata chini ya kitanda, na nyumba nzima ikanuka maziwa yaliyochacha.

"Mama, sare ya mwanangu ina udongo," mteja mmoja alilalamika.

"Ivae hivyohivyo. Ikiota, niletee mbegu."

Mumewe naye alimtania. "Hivi wewe ni mke wangu au mke wa mto?"

"Mto hauna mkate, mzee. Nitarudi tu."

Misimu mitatu alipanda kona ile. Mizizi ilikuwa imeanza kushikana chini ya ardhi, na katika mvua zilizopita, ukingo haukumeguka hata kidogo. Lakini kwa asiyejua, palionekana pori tu: majani marefu, mengine yamelala, mengine yamekauka ncha. Wanakikundi wa zamani waliijua mimea yao kwa macho, hivyo hawakuwahi kusimika hata kijiti cha alama.

Ndipo ikaja habari kwamba mfadhili atautembelea mto. Mwenyekiti wa kikundi, mfanyabiashara wa mabati aliyependa kupigwa picha, alikusanya vijana wapya, akawagawia fulana, akawaambia wasafishe kingo, pawe peupe. Siku hiyo Mama Matope alikuwa anamalizia sare za watu. Alipotoka nyuma kuanika shuka za mkwewe, aliona kona yake iko uchi. Matete na mafunjo yamelundikwa juani, mizizi juu. Mahali pake vijana walikuwa wanachomeka maua mekundu ya dukani.

"Nani amewatuma?" aliuliza.

"Tumefyeka majani, mama," kijana mmoja alijibu, anajifuta jasho, anangoja kusifiwa.

Mwenyekiti alikuja akitabasamu. "Mama Matope, mgeni anakuja kuona mto. Haji kuona msitu."

"Hayo ndiyo yaliyoushika ukingo, mwenyekiti! Mama yangu amelala pale, ukuta ule pale!"

"Basi mhamishie sebuleni, alale na cherehani." Alisema hivyo mbele ya vijana, nao wakaangua kicheko. "Usituharibie siku kwa ajili ya nyasi. Msimu ujao utapanda tena, hujitolei wewe?"

Mama Matope alichukua ndoo, akaanza kuyamwagia maji malundo yale ili mizizi isife. Mgeni alikuja, akapiga picha na maua, akasifu, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata wingu lilikuwa zito juu ya mto. Mwokaji alimkuta mkewe anavaa viatu vya mpira.

"Mama, ningoje nitoke kazini, twende wote."

"Mvua itakungoja? Nitapanda mstari wa chini tu, pale maji yanapogonga."

"Udongo umelegea, wameuchimbua wote."

"Ndiyo maana naenda." Alimfunga kifungo cha shati, akamsukuma mlangoni. "Nenda kwenye mikate yako. Mungu yupo."

Mungu yupo, na mwokaji hajaacha kuamini hivyo. Lakini mvua ilikuwa imekwisha kunyesha huko juu, maji yakashuka ghafla, na udongo ule usio na mizizi ukakatika wote kwa mara moja, Mama Matope akiwa chini yake. Wale vijana wa fulana ndio waliomfukua. Alikuwa bado amekumbatia fungu la matete.

Jioni ile mwenyekiti alifika nyumbani kutoa pole. Alikaa, akanywa maji, akasema maneno mazuri. Kisha akasema ni vyema ieleweke kwamba marehemu alikwenda bila idhini, kikundi hakikumtuma.

"Ni kweli," alisema mwokaji. "Hamkumtuma." Akainuka, akamfungulia mlango.

Usiku ukuta wa chumba cha mama yake ulipasuka kutoka juu hadi chini. Majirani walimbeba bibi na godoro lake hadi kanisani. Kulipokucha chumba kilikuwa kimekwenda na maji. Bibi aliuliza kwa nini leo anaogeshwa na mtu mwingine.

Walimzika Mama Matope alasiri, katika makaburi ya mlimani, mvua nyembamba ikinyesha. Mchungaji aliomba kwa kifupi kwa sababu shimo lilikuwa linajaa maji, na wachimbaji walilazimika kuyachota kwa ndoo kabla ya kuteremsha jeneza. Katibu wa kikundi alikuja peke yake, amevaa nguo zake za kawaida, si fulana ya kikundi, akasimama nyuma. Wanaume wanne walishika kamba. Mwokaji aliomba koleo. Alitupia udongo hadi mchimbaji akalitwaa koleo taratibu na kumwambia, "Inatosha, mzee, tuachie." Waliimba wimbo mmoja. Baadaye watu walimpa mkono mmoja mmoja, wakateremka mlima, naye akateremka nao kwenda kanisani kumlisha mama yake.