Mawe ya Njia ya Kisiwani

Ofisi ya utalii ya Lodwar ilinituma kisiwani, kwenye Ziwa Turkana, nipange mawe kando ya njia ya wageni. Niliokota ya huku na huku, kisha nikaona rundo zima, nikalizoa na kulipanga njiani bila kuuliza. Ujuaji wangu huo.

Upepo ukachafua ziwa, tukakwama. Mwenye boti aliyenivusha, Mturkana wa rika langu, akapanda kutoka ufukweni kunitazama.

“Ndugu, hilo ni kaburi. Kila anayepita huongeza jiwe.”

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Siku mbili upepo ulitufungia pale, nami nikirudisha jiwe mojamoja. Siku ya tatu ziwa likatulia, akaniita twende. Rundo halikuwa limefika nusu, na mawe yaliyobaki njiani sikujua tena yapi ya marehemu, yapi ya ofisi.