Ngamia wa Ami na Hisa za Kompyuta

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, lakini kwa sababu nina hisa chache na kidato cha nne, hapa Garissa naitwa bwana hisa.

Juzi nilimimina sukari ya dukani, nikalisoma lile gazeti lililoifunga. Kumbe hisa za kampuni moja ya kompyuta zilikuwa zimepanda mara mbili! Nikamkimbilia ami yangu.

“Zimebanda kweli, adeer?” akaniuliza kwa lafudhi yake ya Kisomali, ambamo p huwa b na mtoto wa ndugu huitwa adeer.

“Zinapaa, ami! Ukichelewa utabaki na vumbi.”

Kufika saa sita alikuwa ameshamuuza ngamia wake wa pekee wa maziwa, na mnunuzi amempakia kwenye lori la Nairobi. Tukaenda posta, nikampigia simu dalali wa hisa, nikamsomea ile habari ya gazeti. Nilipaza sauti ili foleni nzima ijue nani anazungumza, ami naye akabandika sikio lake kando ya langu.

“Gazeti lako ni la lini, bwana?” dalali akauliza. “Kampuni hiyo ilifungwa mwaka jana.”

Ami akaondoa sikio lake taratibu.

“Lori limeshaondoka, adeer,” akasema.