Bomba la Uani

Gia alikuwa dereva wa lori la mchanga, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akikwaruza gia, hata mlimani, hata lori likiwa limejaa pomoni. Kuendesha alijua, tusimnyime haki yake. Kilichomshinda ni kutulia. Hata kwa mama yake mzazi alikuwa akisimamisha lori mlangoni, injini ikinguruma, anaruka chini na kilo ya sukari mkononi: "Shikamoo mama, niko mbio!" Na kweli yuko mbio. Mama anabaki kizingitini na sukari yake, anapunga mkono, vumbi linamwingia machoni.

Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu ahamie mji wa pili, ng'ambo ya daraja, ambako kodi ilikuwa nafuu na mkewe alipata vyumba viwili vyenye mwanga. Hapakuwa mbali. Lakini daraja ndilo lililokuwa mpaka, na baraza la mji wa huku na baraza la mji wa huko hayakuchangia hata fagio.

Sasa basi, baraza la mji wa mama likatangaza kazi: dereva wa gari la zimamoto, nafasi moja. Kazi ya kudumu, mshahara bila kumlamba mtu miguu, na matibabu ya familia nzima. Hapo penye matibabu ndipo roho ya Gia iliporuka. Mtoto wake mdogo alikuwa na kifua kinachobana kila baridi ikiingia, na bosi wa mchanga alikuwa analipa akijisikia. Masharti yalikuwa mafupi: leseni ya magari makubwa, na mwombaji awe mkazi wa mji kwa miaka miwili mfululizo. Majina yanafungwa Ijumaa adhuhuri.

"Mfululizo gani tena wanautaka?" Gia alimlalamikia mkewe. "Mimi nimezaliwa pale!"

"Wameuliza unakaa wapi. Hawakuuliza ulizaliwa wapi."

"Ah, nawe! Uko upande wa nani?"

Akaandika anwani ya mama yake, akapeleka. Wala hakuwa wa kwanza duniani kufanya hivyo. Zamani watu wa mbali walikuwa wakiandika anwani za mashangazi na wajomba, kazi zote zinakwenda nje, mpaka wakazi wakapiga kelele na wakubwa wakakosa pa kujificha. Ndiyo maana siku hizi karani wa ajira alikuwa anapita mwenyewe, nyumba kwa nyumba, anaangalia kitanda na kuuliza majirani, kabla ya kufunga majina.

Alhamisi jioni Gia alifika kwa mama yake na, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akazima injini.

"Kulikoni?" mama akauliza. "Leo limeharibika?"

Gia akamweleza. Mama akasikiliza huku akikunja na kukunjua ncha ya khanga yake.

"Kwa hiyo niseme unakaa hapa."

"Kesho tu, mama. Kwa ajili ya mjukuu wako. Na si uongo hasa. Chumba changu si kipo?"

"Chumba kipo," mama akasema.

Gia akatupa begi la nguo kitandani, akapanga viatu chini ya dirisha, akaondoka kukimbilia mzigo wa mwisho. Hata uani hakukanyaga. Mama ndiye aliyekwenda nyumba ya pili kuzungumza na jirani yake, fundi wa kushona nguo, amwombe ushahidi. Fundi alikubali, ila kwa shingo upande, na kwa ajili ya mama tu.

Ijumaa asubuhi lori lilifichwa nyuma ya maduka, na karani akaingia: mtu mzima, mwembamba, mfuko wa ngozi begani, anatweta kwa jua. Akakaribishwa kiti. Fundi naye alikuwa ameshafika, tepu yake ya kupimia shingoni.

"Huyu anaishi hapa, mama?"

"Hapa ni kwao, baba."

"Nimeuliza kama anaishi."

Mama akakunja ncha ya khanga. "Anaishi."

Karani akamgeukia fundi. Fundi akasema huyo anamjua tangu akiwa hana meno. Karani akachungulia chumbani, akaona kitanda, nguo na viatu, akarudi kukaa na kutoa kalamu. Mambo yalikuwa yanakwenda kama maji mteremkoni. Karani akajipangusa jasho, na mama, kwa adabu zake, akainuka nusu: "Ngoja nikupe maji ya kunywa."

Lo! Laiti Gia angenyamaza! Lakini wapi, furaha ilikuwa imemjaa, akataka karani aone mwenye nyumba ni nani.

"Kaa, mama, kaa! Mimi niko hapa kwa kazi gani?"

Akanyakua jagi, akatoka uani kwa madaha, mlango ukiwa wazi na wote wakimtazama. Akafungua bomba. Bomba likalia kwa kutu. Akafungua zaidi. Akaligonga kwa kiganja, mara mbili, na buibui akatoka mdomoni mwa bomba, akaondoka zake bila haraka.

"Wamekata maji leo!" Gia akapaza sauti, akicheka. "Hawa watu wa maji hawa!"

Fundi aliinamia tepu yake.

"Ndugu yangu," karani akasema polepole, "mabomba ya mtaa huu yalikufa mwaka jana. Yote. Hata mtoto wa hapa analijua hilo." Kisha akamgeukia mama. "Maji mnachota wapi?"

"Kisimani kwa fundi hapa."

"Nani anachota?"

"Yeye," mama akasema, mbiombio. "Kila asubuhi kabla ya kazi. Leo amebabaika tu kwa kuona mgeni."

Na aliposema hivyo mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe kukamata bega la kulia. Gia akaliona. Lilikuwa limeshuka chini kuliko lile jingine. Alikuwa ameshaliona kabla, toka juu ya lori, akajisemea moyoni kwamba huo ni uzee, akatia gia. Uso wake sasa uliwaka moto mpaka masikioni. Mwaka mzima! Mwaka mzima mama yake anabeba maji, na yeye anamletea sukari.

"Ni kweli?" karani akamuuliza.

Neno moja tu lilitakiwa. Gia akamfikiria mtoto wake anavyokoroma akitafuta pumzi, na neno likafika ulimini. Kisha akamtazama tena mama, bado kashika bega.

"Si kweli," akasema. "Mimi sikai hapa. Kisima chenyewe sijui kiko upande gani."

Karani hakugomba. Alirudisha kalamu mfukoni, akainuka. "Rudi hapa kwenu, ukae miaka miwili, uje tena. Kwa heri. Nina nyumba nyingine za kupita kabla ya adhuhuri." Alipofika mlangoni akasema, "Pole, mama." Mama hakuweza kuinua macho.

Fundi naye akaaga kwa sauti ndogo. Wakabaki wawili. Na Gia, ukweli usemwe, alikuwa anasubiri kidogo. Kazi imekwenda, sawa, lakini si amesema kweli? Si amemtetea mama yake?

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Mama, nisingeweza kukuacha useme..."

"Uliniacha. Jana ulinipa uongo, nikaupokea. Leo nimeusema mbele ya mtu mzima, na mbele ya jirani anayenipa maji. Halafu wewe ukajivua, ukawa safi. Sasa mwongo hapa kabaki nani?"

Gia alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaokota ndoo aliyoiona karibu na mlango wa uani, akaenda kwa fundi.

Fundi alikuwa ameshakaa kwenye cherehani yake. Akaitazama ile ndoo.

"Hiyo ni yangu, asubuhi nilimpelekea nayo maji. Ya mama yako ile pale, ile ndogo."

Ilikuwa kopo la rangi, limefungwa mshikio wa waya, la kumtosha mtoto kuchezea.

"Kubwa zilimshinda," fundi akasema. "Bega."

Gia akajaza ile kubwa, na lile kopo pia, akarudi akijimwagia viatuni. Mama alikuwa jikoni, amempa mgongo. Gia akasimama katikati ya nyumba aliyozaliwa, mikono yote imejaa, akaangalia huku na huku asione pa kuyatia yale maji.

"Mama," akasema, "maji yanamiminwa wapi?"

Mama hakugeuka.

"Weka hapo mlangoni, mwanangu. Hapo hapo unapoacha sukari. Nitayamimina mwenyewe."