Nilijaza Vidaftari vya Mkojo vya Walimu Saba kwa Mkono Wangu

Admin, nifiche jina, na shule usiitaje. Nyie mnaokuja kwenye komenti kucheka matatizo ya wanawake, leo pitieni mbali, sina moyo wa kubembelezana na mtu. Nina miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili, ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kibaha, upande wa Mbwawa. Tatizo langu ni mkojo. Nikikohoa unatoka, nikicheka unatoka, nikiwaimbisha darasa la kwanza na kuruka nao kidogo ndiyo kabisa. Huu mwaka wa pili navaa pedi kila siku ya kazi, na mume wangu anajua ni UTI isiyopona.

Choo cha walimu wanawake pale shuleni kina kufuli, na ufunguo unakaa kwenye droo ya mwalimu mkuu, mwanamke mwenzetu, tunamwita Madam. Anasema kile choo ni cha wageni na wakaguzi, sisi tukikizoea kitachafuka. Cha wanafunzi hakina mlango. Kwa hiyo ukibanwa unakwenda ofisini kwake kuomba, na hata akiwa na wazazi anakuangalia juu mpaka chini, anakuuliza, "Tena, Mwalimu?" Ukiulizwa hivyo mara mbili mbele ya baba wa mwanafunzi wako, unaacha kunywa maji. Mimi niliacha. Natoka nyumbani na midomo mikavu, nabana mpaka saa tisa na nusu. Yule mama namchukia, nasema wazi, na kanisani tunakaa benchi moja.

Mwaka huu wakaja watafiti wa afya ya kibofu, mabinti wawili na nesi mtu mzima. Walitaka kujua wanawake tunaishije na mkojo kazini, ili watoe ushauri wa kuzuia haya matatizo kabla hayajaanza. Tuko walimu wanawake saba. Kila mmoja alipewa kidaftari chenye namba, bila jina, aandike kwa siku tatu: umekunywa nini, umekwenda chooni saa ngapi, umebana au hukubana, mkojo umekuvuja au la. Nesi alisisitiza tuandike ukweli hata kama unatia aibu, maana ushauri wao utatoka humo humo. Nilikaribia kulia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza jambo hilo bila kukunja uso.

Walipoondoka tu, Madam akatuita. Akasema vile vidaftari ni sura ya shule, kwa hiyo vijazwe kama tunavyojaza maandalio ya masomo wakaguzi wakikaribia. Mwalimu yeyote anayesoma hapa anajua maana yake. Mnakaa meza moja, mwenye mwandiko mzuri anajaza, wengine wanamsomea tarehe. Mwenye mwandiko mzuri ni mimi. Ningeweza kukataa. Sikukataa, kwa sababu waliowahi kumkatalia Madam tunajua walikohamishiwa, na kwa sababu, niseme ukweli, nimezoea. Nilijaza vyote saba kwa mkao mmoja, siku tatu zote, siku ya pili na ya tatu hazijafika. Maji, lita moja na nusu. Chooni, saa tatu, saa sita, saa nane. Kubana, hapana. Kuvuja, hapana. Nilikuwa nabadilisha kalamu na kulaza herufi ili visifanane. Muda wote huo nimebana miguu chini ya meza, na cha kwangu nikakijaza hivyo hivyo.

Nesi aliporudi kuvichukua alifunua kurasa, akatupongeza, akauliza tunafanyaje. Madam akajibu bila haya kwamba siri ni utaratibu wa ufunguo: choo kinabaki kisafi na kila mwalimu anakwenda kwa wakati wake. Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Na mimi nikatikisa.

Baadaye roho ilinisuta, nikawaambia wenzangu tumpigie nesi tumweleze. Namba yake alituachia. Yule mkubwa wetu kiumri, ambaye pedi zangu anaazima kila wiki, akanijibu, "Mwandiko ni wako, Mwalimu. Sisi hatujaandika hata nukta." Tangu siku hiyo nikiingia stafu, chumba chetu cha walimu, wanaacha kuongea.

Labda ningenyamaza. Lakini mdogo wangu wa mwisho anafundisha Kibuta, kule Kisarawe, na ana ujauzito wa miezi saba. Wiki iliyopita alinipigia analia. Mwalimu wao mkuu alikutana na Madam kwenye semina, akarudi na kufuli. Choo chao walikuwa wanaingia wanavyotaka, sasa ufunguo uko ofisini. Akilalamika anaambiwa kuna shule Kibaha, hatajiwi ipi, inatumia utaratibu huo, watafiti wamewapa walimu wake vidaftari wakaandika wenyewe, na hakuna hata mmoja mwenye tatizo. Siku hiyo ufunguo ulikuwa umeondoka na mkuu wao, na yeye akajikojolea mbele ya darasa la nne. Watoto wameshampa jina.

"Dada," aliniuliza, "hao walioandika hivyo ni wanawake kweli?"

Nilimwambia sijui. Nikamwambia asiache kunywa maji, kisha nikakata simu.

Nikimpigia nesi, Madam atanihamisha, wenzangu sita watanigeuka, na mdogo wangu atajua mwandiko ule ni wa nani. Nisipompigia, mtoto wa mama yangu ataendelea kuomba ufunguo na tumbo lake lile. Nishaurini, nianze kumpigia nani, nesi au mdogo wangu? Atakayeniambia nivumilie asijisumbue kuandika, kuvumilia ndiko kulikonifikisha kwenye pedi. Haya nayaandika niko stafu, kipindi cha nne, Madam ana wazazi ofisini, na nimebanwa.