Sikio la Maparoni

Mume wangu Saadi alishika redio ya zahanati hapa Mbuchi miaka kumi na tisa. Kibiti hawaisikii Maparoni, kwa hiyo yeye alipokea maneno ya kule na kuyarudia kwa Kibiti, ili boti ya wagonjwa itumwe.

Mwaka 2006 walikuja wataalamu wa chuo kupanga mitambo ya majaribio, ya kutumiwa na watafiti wengi. Mitambo ingesikiliza masafa yale yale ya redio yetu. Ikikuta kimya, ingerusha mawimbi yake. Waliiweka yote Kibiti, penye umeme.

“Mwanangu, weka sikio moja Maparoni,” Saadi alimwambia mkubwa wao. “Ukiwa Kibiti utadhani pako kimya, kumbe watu wanaongea.”

“Mzee, mitambo hii inamshinda popo kwa kusikia.”

Wenzake walicheka.

Wiki ya pili binti yetu Zamda alishikwa na uchungu kule Maparoni. Mkunga aliita tangu asubuhi. Saadi aliambulia mlio wa mitambo tu. Boti ilifika kesho yake. Zamda alipona, mtoto tulimzika.

Baadaye walituletea ripoti yao. Saadi alinisomea walichoandika kuhusu siku ile ya uchungu wa Zamda: masafa yalikuwa matupu asubuhi nzima.