Lori la Mahona na Cheni Yake

Mnamo mwaka 1952 hapakuwa na lori Dutwa lililong'aa kama la Mahona. Alilipaka rangi ya buluu, na kila jioni aliliosha bwawani kabla hajanawa mwenyewe. Oili ya injini hakuimwaga hata siku moja. Ikipungua, aliongeza juu ya ile nyeusi.

Msimu wa tatu, likiwashwa asubuhi, injini ilikuwa ikigonga kama debe lenye kokoto, kisha ikitulia.

"Linaniambia mwangaluka," Mahona alijisifu.

"Baba Sayi, hiyo siyo salamu, ni kikohozi," alijibu mkewe, Kashindye.

Fundi Selestini wa Nyashimo alisikiliza kidogo tu. "Cheni ya ndani imelegea. Ndiyo inayozifungua valvu na kuzifunga kwa wakati wake. Oili chafu inaitafuna. Tuibadilishe kabla haijaruka meno ya gia."

"Rangi umeiona lakini?" aliuliza Mahona, akaondoka.

Wiki hiyohiyo, akipeleka pamba kiwandani, injini ilipiga kishindo mlimani ikazima. Aliyetokea ni Ng'washi, mwenye mkokoteni wa ng'ombe, aliyenyang'anywa wateja wote na lori hilo. Alisalimia kwa adabu, akafunga ng'ombe wake mbele ya lori, wakaanza kuvuta. Wanawake waliokuwa wakikatakata mabua shambani wakapiga vigelegele. Mahona, kwa kukosa la kufanya, akawapigia honi.

Selestini alipofungua alikuta cheni imekatika na valvu zimepinda. Matengenezo yalimaliza msimu mzima, na pamba ya Dutwa ikasafiri kwa mkokoteni.

Tangu hapo Mahona akawa mtu mwingine. Alibadilisha oili hata pale isipohitajika, na kila asubuhi aliinamisha sikio kwenye injini. Kuliosha lori akaacha kabisa. Masika yakapita, kutu ikala sakafu, mchwa wakala bodi ya mbao, na mwaka 1958 mlango ukadondokea sokoni Nyashimo. Injini ilikuwa nzima kabisa.

Kashindye akaamua iondolewe, ifungwe kwenye mashine ya kusaga mahindi. Mahona akawekewa kigoda pembeni.

"Mayu, hebu sikiliza cheni hiyo," alimwambia kila mama aliyekuja kusaga.

"Mbona sisikii kitu?"

"Basi ndiyo nzima hiyo!" alisema Mahona, akimsogezea kigoda aendelee kusikiliza.